Video Fupi, Waya za Miaka Miwili

Mtu wa Ndalambo akiumwa jino hana mengi ya kufikiria. Anakwenda kituo cha afya, na kama hapo hakuna wa kulitoa anapanda gari hadi Tunduma au Vwawa, jino linang'olewa, mambo yamekwisha. Meno yaliyopandana ni habari nyingine. Hayaumi, hayamzuii mtu kulima, kuuza wala kuoa. Kwa vizazi vingi aliyeota meno ya namna hiyo alikua nayo na akazeeka nayo, na hakuna aliyemwambia kwamba ana kitu cha kupeleka hospitali. Sasa hesabu hiyo imeanza kubadilika, na kinachoibadilisha ni video za sekunde arobaini.

Ndalambo ni kata ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Tunduma mjini ni malori mchana na usiku, yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, na mengine yakiendelea hadi Kongo. Ukiyaacha malori hayo na kushika njia ya Sumbawanga, muda si mrefu umeingia nchi ya mahindi na maharage. Tunduma huuza kila kitu kinachovuka mpaka, zikiwamo simu za kila bei, na simu hizo haziishii mjini. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, za mwaka 2024 zilionyesha kwamba laini zinazotumia intaneti nchini zimepita milioni 40. Kwa hiyo binti wa sekondari huko Momba, ambaye hajawahi kumwona daktari bingwa wa kupanga meno, anaweza kuwa ameshatazama meno ya watu mia yakipangwa.

Video zenyewe karibu zote zina mtindo mmoja. Anaanza msichana aliyefunika mdomo kwa kiganja. Muziki unapanda, kiganja kinashuka, meno yanaonekana yamepandana. Mara kuna kiti, taa kali, na mikono yenye glovu inayobandika vijipande vya chuma. Mara tena msichana yuleyule anacheka, meno yamenyooka, mama yake anamkumbatia. Chini kuna jina la kliniki na namba ya WhatsApp. Nyingine hurekodiwa na wagonjwa wenyewe: siku ya kwanza na bresi, yaani waya za meno, siku ya kubadilisha raba, rangi gani nichague. Wapo wanaovaa kijani na njano kwa ajili ya Yanga, na wapo wanaojibu kwa nyekundu na nyeupe.

Ni rahisi kuzibeza video hizi, lakini zimefanya jambo ambalo mabango ya hospitali yalishindwa kulifanya kwa miaka. Watanzania wengi humwona daktari wa meno siku ya kung'oa tu. Kwao kiti kile kina maana ya sindano, koleo na pamba yenye damu. Video inawaonyesha kwamba kubandika waya hakuhitaji sindano wala ganzi, na kwamba aliyelala pale anatoka akizungumza. Woga wa kitu usichokijua hupungua ukishakiona. Kisha aliyemo kwenye video ni Mwafrika mwenzao, anazungumza Kiswahili, anataja nauli na ada. Ile picha ya zamani, kwamba waya za meno ni za watoto wa kishua wa Masaki au za Wazungu wa kwenye filamu, inaanza kufutika.

Tukumbuke pia pengo ambalo video zimeingia kulijaza. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya kinywa, iliyotoka mwaka 2022, ilionyesha kwamba kanda ya Afrika ina madaktari wa meno kiasi cha watatu tu kwa kila watu 100,000, wakati wastani wa dunia ni kiasi cha 33. Bingwa wa kupanga meno ni adimu zaidi, na nchini wengi wao wako Dar es Salaam na katika miji mikubwa michache. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Asiye na daktari wa kumuuliza atauliza simu.

Lakini anayetoka kwenye simu akisema "nataka waya" amekubali nini hasa? Hapo ndipo penye shida. Mara nyingi amekubali tabasamu la mwisho wa video. Matibabu yenyewe, yaani miezi ile yote kati ya sekunde ya kumi na sekunde ya kumi na moja, hajayaona, na huwezi kusema umekubali usichokiona.

Hamu yenyewe ya meno yaliyonyooka haikuanza na TikTok. Mwaka 2004, kabla hata ya YouTube, Profesa Emeria Mugonzibwa wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 386 wa Tanzania wenye umri wa miaka 9 hadi 18. Asilimia 85 walisema meno yaliyopangika ni muhimu kwa sura ya mtu. Karibu theluthi moja au zaidi kidogo walisema wanahitaji kutibiwa. Kipimo cha kitaalamu kilionyesha wanaohitaji ni kama mmoja kati ya watano. Maana yake, tangu wakati huo wapo waliotaka bila kuhitaji sana. Kilichofanywa na simu ni kuichukua hamu hiyo iliyokuwa imekaa kimya na kuipa anwani, bei na haraka.

Miaka michache baadaye Dk. Matilda Mtaya na wenzake walipima watoto 1,601 wa umri wa miaka 12 hadi 14 katika shule 16 za msingi za Kinondoni na Temeke. Asilimia 63.8 walikuwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Namba hiyo inatisha ukiisoma haraka, na ndiyo aina ya namba ambayo mwenye kliniki angependa kuiweka kwenye video. Ukiisoma polepole unaona nyingi ya kasoro hizo ni ndogo: mstari wa katikati wa meno ya juu hausimami sawa na wa chini, au kuna nafasi ya milimita mbili kati ya meno. Mtoto mwenye kasoro ya namna hiyo anaweza kula, kutamka na kucheka maisha yake yote bila daktari.

Na mwanya je? Pwani hadi bara, mwanya wa meno ya mbele umesifiwa na kuimbwa kama pambo. Wapo waliochongwa meno makusudi ili waupate. Leo kijana mwenye mwanya wa kuzaliwa, ambao bibi yake angeutaja siku ya posa kama sifa, anakutana na video inayouita tatizo na kuuziba mbele ya macho yake. Hakuna ubaya kwa mtu mzima kuamua kuuziba; mdomo ni wake. Linalostahili kutazamwa ni jinsi sura iliyokuwa nzuri Jumatatu inavyogeuka kuwa ugonjwa Ijumaa bila jino hata moja kusogea.

Simu inachangia kwa njia nyingine, kwa kamera yake. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dk. Boris Paskhover walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba picha unayojipiga kwa umbali wa kama sentimita 30 inaipanua pua kwa karibu asilimia 30, ukilinganisha na picha ya umbali wa mita moja na nusu. Kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Anayejitazama kila siku kwa umbali wa mkono wake anajiona kwa namna ambayo jirani yake hamwoni.

Kisha kuna namna mitandao inavyofanya kazi. Programu ya TikTok au Instagram haijui kwamba wewe ni mkulima, mwanafunzi au mama lishe wa stendi ya Tunduma. Inahesabu sekunde. Ukiikalia video ya bresi mpaka mwisho, inakuletea nyingine, na nyingine, mpaka unaona kama dunia nzima inapanga meno isipokuwa wewe. Na inayokaliwa mpaka mwisho ni ile yenye mabadiliko makubwa au kilio kikubwa. Mgonjwa aliyetibiwa kwa utulivu miezi ishirini, bila kituko, haingizi mtazamaji. Mwaka 2011 Michael Knösel na Klaus Jung wa Ujerumani walichambua video za YouTube kuhusu kupanga meno wakaona taarifa zilizomo kwa jumla ni duni. Tangu hapo video zimefupishwa.

Sasa turudi kwenye kile kilichokatwa kwenye video: miezi ya matibabu yenyewe.

Jino halikushikamana na mfupa moja kwa moja. Kati yake na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzi, unene wake kama sehemu ya tano ya milimita. Waya ukilisukuma jino polepole, upande unaobanwa chembe maalumu za mwili huula mfupa, na upande unaoachwa wazi chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Jino husafiri namna hiyo kiasi cha milimita moja kwa mwezi. Ukilisukuma kwa nguvu zaidi halifiki mapema. Utando unakosa damu, mzizi unaweza kuliwa na kufupika. Ndiyo sababu matibabu ya kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na mengine huvuka hapo. Hakuna pesa wala umaarufu wa kliniki unaoweza kuuharakisha mfupa.

Maumivu yapo. Huanza saa chache baada ya waya kukazwa, hukolea siku ya pili, hupungua ndani ya wiki. Mashavu huchubuka. Vijipande vya chuma hunasa chakula, na asiyepiga mswaki sawasawa hubaki na mabaka meupe kwenye meno siku waya zinapotolewa, mabaka ambayo ni mwanzo wa kuoza. Vyakula vigumu huvunja vijipande hivyo: mahindi ya kuchoma, miwa, karanga, nyama ya kung'atwa kwenye mfupa. Mwambie mtu wa Momba asiguse mahindi ya kuchoma misimu miwili mfululizo, halafu umtazame usoni. Hilo peke yake lingestahili video.

Na siku waya zinapotoka, kazi haijakwisha. Meno yana tabia ya kurudi yalikotoka. Mgonjwa hupewa kifaa cha kuyashikilia, cha kuvaa kila usiku kwa miaka, au huwekewa uzi wa chuma nyuma ya meno. Asiyevaa anaweza kujikuta baada ya miaka michache na meno yaliyoanza kupandana upya, wakati video yake ya "kabla na baada" bado inapendwa mtandaoni.

Hesabu ya safari ndiyo inayomgusa zaidi mtu wa mbali. Waya hukaguliwa kila baada ya wiki nne hadi nane. Kwa miaka miwili hizo ni safari kama 13 hadi 26. Mkazi wa Dar es Salaam hupanda daladala. Wa Ndalambo, kwa tiba ya ngazi ya juu, hutazama walau Mbeya, iliyo kiasi cha kilomita 100 kutoka Tunduma, bila kuhesabu kipande cha kutoka nyumbani hadi Tunduma. Kila safari ni nauli, chakula, siku ya shule au ya shamba. Kliniki nyingi hupokea malipo kwa awamu, kianzio kisha kila mwezi kiasi fulani, na utaratibu huo umetungwa kwa mtu wa mshahara. Mkulima hupata fedha kwa msimu: mahindi yakiuzwa kuna pesa, ifikapo Januari hakuna. Anayekata tamaa katikati anabaki na waya mdomoni bila wa kuzitazama, na hiyo ni hali mbaya kuliko kutoanza kabisa, kwa sababu waya usiokaguliwa huendelea kusukuma kokote, na uchafu huendelea kujikusanya.

Hapo ndipo njia za mkato zinapopata wateja. Nyepesi kuliko zote ni raba. Kijana anaona mtandaoni mtu amefunga raba ndogo kwenye meno mawili ya mbele ili azibe mwanya, naye anajaribu. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kimetoa onyo juu ya jambo hili kwa miaka, na sababu yake haina mjadala: jino ni jembamba kuelekea kwenye mzizi, kwa hiyo raba huteleza, huingia chini ya fizi, hupanda juu ikikata nyuzi na kuharibu mfupa bila kuonekana. Mwanya huziba kweli. Kisha meno mawili yenye afya hulegea, na mara nyingine hung'oka.

Ya pili ni waya za mapambo, zinazobandikwa saluni au kununuliwa mtandaoni, zisizotibu chochote. Thailand ilizipiga marufuku baada ya vifo vya vijana kuhusishwa nazo. Huko waya halisi zilikuwa ghali kiasi kwamba kuonekana nazo kulikuwa kujionyesha una uwezo. Malaysia mwaka 2017 mahakama ilimtoza faini ya ringgit 70,000 msichana wa miaka 20 aliyekuwa akiwafunga watu waya katika nyumba ya kupangisha wageni. Ujuzi wake aliupata YouTube. Wateja wake nao walikuwa wamemkuta mtandaoni, jambo ambalo lina mantiki yake: aliyejifunza mtandaoni alitibu walioshawishika mtandaoni.

Ya tatu ilikuja na suti na hisa. Kampuni ya SmileDirectClub ya Nashville, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2014, iliwatumia watu udongo wa kuchukulia umbo la meno kwa posta, kisha ikawarudishia plastiki angavu za kuvaa, bila wengi wao kukaa kwenye kiti cha daktari. Iliingia soko la hisa mwaka 2019. Septemba 2023 iliomba kinga ya kufilisika, Desemba mwaka huohuo ikafunga, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakaachwa na plastiki zao. Wazo la kutibiwa kwa posta linaweza kumvutia mtu wa Ndalambo kuliko mtu wa Nashville, kwa sababu umbali wake ni wa kweli. Ndiyo maana habari hii inamhusu.

Kuna pia video zisizouza kifaa chochote. Zinasema ulimi ukibanwa kwenye kaakaa muda wote, taya hujichonga na meno hujipanga yenyewe. Wavulana wa dunia nzima wameiga. Mtu aliyehusishwa zaidi na mafundisho hayo, daktari Mike Mew wa Uingereza, aliondolewa kwenye rejesta na jopo la baraza la madaktari wa meno la nchi yake mwaka 2024, kwa sababu ya namna alivyowatibu watoto wawili. Video zake zinaendelea kuzunguka. Uamuzi wa jopo haukuwekewa muziki.

Wapo pia wanaokataa tiba kwa sababu ya video hizohizo, na hawa huzungumzwa kidogo. Mzazi anaona klipu ya mtu akilia waya zikikazwa, au anayelalamika kwamba meno yake yamelegea, anaufunga mjadala nyumbani. Akisikia kwamba mpango wa matibabu unahusisha kung'oa meno mawili mazima ili meno mengine yapate nafasi, hofu inaongezeka maradufu, hasa kwa anayeamini kwamba kung'oa jino la juu kunaharibu macho. Imani hiyo haina msingi. Mishipa ya jino haihusiki na kuona. Lakini daktari anayemjibu mzazi huyo kwa haraka na kumwita mtu wa vijijini anamrudisha kwenye simu, ambako atasikilizwa na mtu yeyote.

Kinachosikitisha zaidi katika jambo hili ni watoto wasioonekana kwenye video yoyote, kwa sababu matatizo yao hayapendezi kutazamwa. Katika maeneo mengi ya nchi bado kuna imani ya "meno ya plastiki": mtoto mchanga akiwa na homa na kuharisha, anapelekwa kwa mganga anayepasua fizi na kutoa chipukizi za chonge akidai ndizo zinazomuua. Imani hii imekuwa ikielezwa nchini tangu miaka ya 1980, na Dk. Emil Kikwilu wa Muhimbili na mwenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti wao juu yake. Mtoto akipona maambukizi ya kisu kile, miaka kumi baadaye chonge zake za kudumu zinaweza kuota zimepinda, zimeharibika au zisiote kabisa, na meno ya jirani hulalia pengo. Wengine ni wale ambao meno yao ya utoto yalioza na kung'olewa mapema; meno ya kudumu yakija yanakuta nafasi imechukuliwa. Wengine hunyonya kidole mpaka darasa la tatu na meno ya juu yanachomoza nje, ambapo kuanguka kidogo tu uwanjani kunayavunja.

Hawa ndio wenye haja. Mara nyingi hawajui kwamba kuna tiba, wala hawajioni katika msichana wa kwenye video mwenye meno mawili yaliyoegemeana kidogo. Aliyeshawishika zaidi na mwenye kuhitaji zaidi si lazima wawe mtu mmoja, na bingwa mwenye nafasi chache kwa siku anampokea yule aliyepiga simu kwanza.

Hapa mtu anaweza kusema dawa ni madaktari wenyewe kutengeneza video zao. Wapo wanaofanya hivyo kwa Kiswahili safi na kwa nia njema, na wamesaidia. Maadili ya taaluma, hata hivyo, yanambana daktari asijinadi kama mfanyabiashara wa kawaida, na kuna mstari mwembamba kati ya kuelimisha na kunadi. Kipimo chepesi ni kutazama kama video inataja hasara. Ikisema muda, maumivu, gharama ya safari, kifaa cha kuvaa baada ya waya, na watu wasiofaa kutibiwa, inaelimisha. Ikiishia kwenye tabasamu na namba ya simu, ni tangazo, hata kama aliyemo amevaa koti jeupe.

Hata chumbani kwa daktari, ana kwa ana, ridhaa ni kitu kigumu. Watafiti wa Marekani, Mortensen na wenzake, walichunguza mwaka 2003 ni kiasi gani cha maelezo hubaki kichwani. Kwa wastani mgonjwa na mzazi walielezwa hatari kati ya nne na tano za matibabu. Walipoulizwa baadaye, mzazi alikumbuka moja na nusu, na mtoto hakufikisha hata moja. Hao walikuwa wameketi mbele ya mtaalamu anayewaeleza kwa utaratibu. Basi aliyetazama klipu ya sekunde arobaini juu ya pikipiki akisubiri abiria, huyo amebaki na nini zaidi ya rangi za raba?

Kwa familia ya Ndalambo inayofikiria jambo hili kwa dhati, mahali pa kuanzia ni karibu kuliko inavyodhaniwa. Tabibu wa kinywa na meno wa hospitali ya wilaya au ya mkoa hafungi waya, lakini anaweza kuangalia mdomo wa mtoto na kusema kama kuna haja ya kumwona bingwa, na kama haja hiyo ni ya sasa au ya baadaye. Wataalamu wa Marekani wanashauri uchunguzi wa kwanza ufanyike mtoto akiwa na miaka saba hivi, wakati meno ya utoto na ya kudumu yamechanganyika. Wengi wataambiwa wasubiri, na hilo nalo ni jibu lenye thamani.

Kisha yapo maswali ya kuuliza kabla ya kutoa kianzio. Anayetibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Kasoro ya mtoto huyu ikiachwa itamdhuru nini, au ni sura tu? Ni miezi mingapi, safari ngapi, na jumla ya fedha ni kiasi gani pamoja na kifaa cha kushikilia meno mwishoni? Kijipande kikivunjika huku kijijini, nani wa karibu anaweza kukiangalia? Mwezi ambao hakuna mavuno, malipo yatasubiri? Mwenye majibu atayatoa bila kukasirika. Anayejibu kwa kukutumia video nyingine, mwache aendelee na wateja wake.

Na mzazi ambaye mtoto wake amefunga raba kwenye meno ya mbele leo, asisubiri kumaliza kusoma. Aitoe taratibu kama bado inaonekana yote, na kama haionekani ampeleke mtoto hospitali leo hii, hata kama mtoto anasema haimuumi.